UZI: Kugombea nafasi ya mwisho kwenye mstari wa ulinzi NFL (tuwatazame vijana wa Philadelphia Eagles)

#1 Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Naona humu ndani tunaofuatilia futiboli ya Kimarekani na ligi yake ya NFL tumeshakuwa wengi, lakini kila mada ikianzishwa inaishia kwa Mahomes na makwotabeki wenzake, wale warusha mipira. Leo naomba tushuke chini kabisa, kwa vibonge wa mstari wa mbele wa ulinzi ambao bado hawana uhakika wa kazi. Hawa ndio huwa nakesha kuwatazama kila mwezi wa nane.

Kwa wageni, hesabu ni hii. Mwishoni mwa Julai timu inaingia kempu (kambi ya mazoezi) na wachezaji 90. Mwisho wa Agosti lazima ibaki na 53. Yaani watu 37 kwa kila timu, timu ziko 32, piga mwenyewe: zaidi ya wanaume elfu moja wanatemwa ndani ya siku chache. Zamani mchujo ulikuwa wa awamu awamu, ila tangu 2023 ni tarehe moja tu, panga linashuka mara moja. Baada ya hapo kila timu inaruhusiwa kuwaita tena 16 wa kikosi cha mazoezi, na tangu 2024 kila timu ina kiti kimoja cha ziada kwa mchezaji wa kutoka nje ya Marekani, ambacho kabla ya hapo kilikuwa cha baadhi ya timu tu.

Sasa kati ya hao 53, wale walinzi wa katikati wanaobaki ni watano, wakizidi sana sita. Watatu au wanne majina yao yalishaandikwa tangu siku ya drafti, pale timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu. Kwa hiyo vita yenyewe ni ya kiti kimoja au viwili, na wanaokigombea ni wengi na wote wana kilo zaidi ya 130.

Nimewachagua Eagles kwa sababu kwao ngazi inaonekana bila chenga. Mwaka 2012 walimchukua Fletcher Cox, namba 12 kwenye drafti, akakaa pale kati misimu 12 mpaka alipostaafu Machi 2024. Hawakusubiri aondoke ndipo waanze kuhangaika. Milton Williams walimchukua raundi ya 3 mwaka 2021. Jordan Davis namba 13 mwaka 2022. Jalen Carter namba 9 mwaka 2023. Halafu mkiani mwa drafti hiyohiyo ya 2023, namba 249 kati ya 259, wakamchukua Moro Ojomo kutoka chuo cha Texas.

Ukichukuliwa namba 249 ujue kila timu imekupita mara kadhaa, hata hiyo iliyokuchukua. Msimu wake wa kwanza Ojomo alicheza kidogo sana. Mbele yake kuna Cox, kuna Davis, kuna Carter, kuna Williams, utapita wapi? Cox alipostaafu, Ojomo akaanza kuonekana kila wiki akiingia na kutoka kwa zamu. Februari 9, 2025, kwenye Super Bowl, yaani fainali ya ligi, Eagles wakawafumua Chiefs ya Mahomes 40–22 pale New Orleans, Mahomes akaangushwa mara 6 bila Eagles kutuma mtu wa ziada kumkimbilia. Kumwangusha kwotabeki akiwa bado na mpira ndiyo saki, na Williams peke yake alipiga saki 2 siku ile. Mwezi uliofuata Patriots wakamwekea mezani mkataba wa miaka minne wa dola milioni 104, akaondoka zake. Ojomo akasogea tena ngazi moja juu, na msimu wa 2025 kile kiti kikawa chake.

Hoja yangu ni kwamba wengi tunadhani kijana wa aina hii anabaki kwa sababu kapiga saki mbili tatu kwenye mechi za maandalizi. Mimi naona makocha wanatazama kitu kingine kabisa, na saki wanaichukua kama nyongeza tu. Nitaeleza, ila kwanza nione kama kuna mtu yuko macho.

#2 Mdau, Morogoro

Nipo mkuu. Ila hapo umenipoteza. Kama mlinzi hapimwi kwa saki, anapimwa kwa nini? Straika si tunampima kwa mabao?

#3 Mleta uzi

Swali zuri, ila acha straika. Mlinzi wa katikati mfikirie kama kiungo mkabaji, Makelele wa enzi zile. Takwimu zake hazisemi kitu, akikosekana ndipo mnajua alikuwa anafanya nini.

Kazi yenyewe iko hivi. Upande wa pili kuna vibonge watano wanaomlinda kwotabeki. Kati ya kibonge na kibonge kuna upenyo, na mkimbiaji wao anatafuta upenyo mmoja apite na mpira. Kuna makocha wanaompa kila mlinzi upenyo mmoja tu aufunge. Vic Fangio, aliyechukua ulinzi wa Eagles mwaka 2024, yeye anapenda kuwaacha mabeki wake wengi nyuma wasipigwe mipira mirefu. Kwa hiyo mbele watu wanakuwa pungufu, na kila mmoja anatakiwa afunge upenyo wake na nusu ya upenyo wa jirani. Hapo ndipo vijana wengi wanapofia.

Tazama snapu moja tu, yaani mpira unapoanzishwa mara moja, ukiwa na rimoti mkononi. Kijana ameinama, vidole vya mkono mmoja viko kwenye nyasi. Macho yako kwenye mpira, kwa sababu kwotabeki anapiga kelele za kumtega ili aanze mapema apigwe adhabu. Mpira unatikisika. Senta, kibonge wao wa katikati, anamgonga kifuani, na kabla hajakaa sawa gadi, jirani wa senta, anamjia ubavuni. Hapo ana karibu kilo 280 za watu juu yake. Akiinuka wima kidogo tu, imekwisha: wanamsukuma kinyumenyume mita mbili tatu mpaka anamgonga lainibeka wake mwenyewe, mlinzi anayesimama nyuma yake, aliyekuwa anakuja kukaba. Mkimbiaji anapita pale alipokuwa amesimama.

Anayejua kazi anafanya tofauti. Anageuza nyonga, anajifanya mwembamba kati yao, na ikibidi anapiga goti la upande wa gadi chini makusudi, anakuwa rundo ambalo hawawezi kulihamisha. Wale wawili wanabaki wamekwama naye, hakuna hata mmoja anayepanda kwenda kumzuia lainibeka. Lainibeka anakuja peke yake, anamkaba mkimbiaji baada ya yadi moja, uwanja unapiga kelele kwa jina la lainibeka. Kijana wetu anaamka na nyasi kwenye meno. Kwenye karatasi ya takwimu, sifuri.

Ila kuna kamera inayopiga picha kutoka nyuma, na asubuhi kocha wa mstari anairudisha ileile snapu mara tano mbele ya wote. Kwenye chumba kile sifuri ya namna hiyo inahesabika.

Hata yale mazoezi ya mmoja kwa mmoja, ambayo klipu zake zinasambaa sana mitandaoni, yanatudanganya. Pale mlinzi ana nafasi kubwa ya kuzunguka na hakuna anayekuja kumsaidia mpinzani wake. Ni mtihani uliomwelemea anayezuia. Kijana anazunguka kama pia, mashabiki wanaandika "huyu ni moto", halafu kwenye mechi anakuta watu wawili mahali alipozoea mmoja.

#4 Mdau, Nairobi

Wasee, hii mada imenikumbusha Daniel Adongo wetu. Jamaa alikuwa mchezaji wa raga, amecheza mpaka huko Afrika Kusini na New Zealand, hajawahi kuvaa helmeti maishani. Mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsaini, na Desemba hiyo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Walimweka pale nje kwa wanaomkimbilia kwotabeki. Kasi anayo, nguvu anayo, mwili wa chuma. Lakini alicheza mechi chache tu na 2015 wakamwachilia. Hebu nielezee, shida ilikuwa gani? Na NFL walikuja hapa Nairobi 2023 kutafuta vijana, sasa hao wataenda kushindania nini kama Adongo hakuweza?

#5 Mleta uzi

Mkuu, mimi Adongo namheshimu sana, kufika tu pale ni jambo. Lakini angalia anaoshindana nao. Kijana wa Texas au Georgia ameanza kuinama kwenye ule mstari tangu shule. Ukimwekea mkono begani anajua mpira unakwenda upande gani kabla ubongo haujamwambia. Mtu wa raga anafundishwa kumkabili mwenye mpira, huku kwanza unapigana na mtu ambaye hana mpira na anaruhusiwa kukusukuma. Hiyo lugha ya mikono inachukua miaka, na kempu ni wiki chache.

Mfano wa karibu zaidi na hoja yangu ni C.J. Okoye, Mnigeria. Agosti 2023 Chargers walimwingiza kwenye mechi ya maandalizi dhidi ya Rams. Ilikuwa mechi yake ya kwanza ya futiboli maishani, ya kwanza kabisa, na akapiga saki. Benchi zima liliruka. Klipu ikazunguka dunia nzima. Sasa kama saki ndiyo tiketi, huyu si alistahili kuingia 53 palepale? Msimu ule aliumalizia kikosi cha mazoezi, kwenye kile kiti cha mchezaji wa kigeni. Na kwa maoni yangu walimtendea haki, maana alipewa muda badala ya kutupwa kwenye moto.

Halafu kuna Efe Obada, aliyezaliwa Nigeria akakulia London. Cowboys walimchukua 2015 kutoka timu ya ridhaa ya London. Akatemwa. Akapita Chiefs, akapita Falcons, hola. Akaingia Panthers kupitia ule mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa ulioanza 2017, na 2018 akawa wa kwanza kutoka mpango huo kuingia kikosi cha 53. Septemba, mechi na Bengals, akapiga saki moja na kudaka mpira mmoja wa kwotabeki. Hesabu mwenyewe, kutoka 2015 mpaka 2018. Hao vijana wa Nairobi wapewe muda huohuo ndipo tuwahukumu.

#6 Mdau, Kampala

Ndugu zangu, mmesahau damu ya Uganda. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, yule waziri mkuu wa kwanza wa Uganda ambaye baadaye alikuwa jaji mkuu na akauawa wakati wa Amin, 1972. Mathias alizaliwa Indianapolis, akasoma Boston College, na Giants wakamchukua raundi ya kwanza 2006, namba 32.

Namleta kwa sababu yeye hakuwa wa mkiani, alikuwa raundi ya kwanza, na bado alikuta nyumba imejaa. Pembeni kulikuwa na Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck. Mwaka uliofuata ilibidi wamhamishe nyuma acheze lainibeka, ili mradi apate pa kusimama. Novemba akavunjika mguu, na ile Super Bowl waliyowafunga Patriots akaitazama kama mgonjwa. Alikuja kucheza fainali nyingine, ile ya 2012, wakashinda tena.

Na mwaka wake wa kwanza kuna siku alimshika Vince Young wa Titans mikononi kabisa, mechi inaelekea kuisha, akamwachia akidhani mpira umeshatupwa na akiogopa adhabu. Young akakimbia zake. Giants walikuwa wanaongoza 21–0, wakafungwa 24–21. Kijana wa raundi ya kwanza anasamehewa kosa kama lile. Je, huyo namba 249 wako angesamehewa?

#7 Mleta uzi

Asingesamehewa. Hapo umemaliza, sina la kuongeza.

Au niongeze kidogo. Wa raundi ya kwanza amelipwa fedha nyingi na meneja aliyemchagua ana jina la kulinda. Atapewa misimu miwili mitatu hata akisuasua. Wa raundi ya saba, au yule ambaye hakuchaguliwa kabisa, anajitetea kila wiki.

Ila kinga hiyo nayo inaisha haraka kuliko tunavyodhani. Byron Young wa Alabama alichukuliwa na Raiders raundi ya 3 mwaka 2023, namba 70. Agosti iliyofuata wakamtema. Msimu mmoja tu! Eagles wakamwokota. Thomas Booker naye, raundi ya 5 ya Texans mwaka 2022, akatemwa, akaanzia kikosi cha mazoezi cha Philadelphia, 2024 akapanda akawa mmoja wa mabingwa. Agosti 2025 Eagles wakahitaji beki, wakampeleka Booker Raiders wao wakapewa Jakorian Bennett. Miezi sita baada ya Super Bowl. Na aliyempisha Booker kwenye ule mchujo wa 2024 ni pamoja na Marlon Tuipulotu, ambaye Eagles wenyewe walimchukua raundi ya 6 mwaka 2021. Mwaka uleule wa 2025 wameleta mwingine, Ty Robinson wa Nebraska, raundi ya 4. Mlango hauachi kuzunguka.

#8 Mdau, Mwanza

Mimi nitasema ukweli hata kama mtanichukia. Huu ni unyonyaji uliovalishwa jezi. Unamkusanya kijana wa miaka 22, unamgonganisha kichwa mwezi mzima kwenye jua, halafu unamwambia rudisha kitabu cha mbinu, nenda nyumbani. Hata mkataba wenyewe hauna dhamana. Afadhali mpira wetu, ukisaini umesaini. Na nyie mnakaa macho usiku kushangilia mchujo.

#9 Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza, sikuchukii, na nusu ya unayosema nakubaliana nayo. Mkataba wa kijana ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti ni karatasi tu mpaka aingie 53. Ila tuweke takwimu mezani ndipo tugombane vizuri.

Mwaka 2025 mshahara wa chini wa mchezaji wa mwaka wa kwanza kwenye 53 ulikuwa dola 840,000, unalipwa kwa wiki 18 za msimu. Ni zaidi ya dola 46,000 kwa wiki. Kikosi cha mazoezi kwa kijana ni dola 13,000 kwa wiki. Kwa hiyo kati ya mlinzi wa sita anayebaki na wa saba anayeteremka, tofauti kwa wiki moja ni zaidi ya dola 33,000, na huenda uwezo wao unalingana kabisa. Kwenye hilo niko upande wako.

Usichokiona ni kwamba yule anayetemwa hayuko mikononi mwa timu iliyomtema. Mwenye misimu chini ya minne akiachwa wakati wa mchujo huu anawekwa sokoni saa 24, na timu yoyote inaweza kumdai, kuanzia ile iliyofanya vibaya zaidi. Ikimdai, lazima imchukue na mkataba wake na kumweka kwenye 53 yake. Akipita hizo saa 24 bila kudaiwa ndipo anaweza kurudi kwao kwenye kikosi cha mazoezi. Byron Young aliopolewa hivyohivyo.

Hii inazaa mchezo mwingine ambao ni mtamu kuliko mechi zenyewe. Timu ikiwa na kijana mzuri ambaye nafasi yake haipo, haitaki wengine wamwone. Utakuta mtu kacheza vizuri mechi ya kwanza ya maandalizi, ya pili na ya tatu hayupo, eti ana maumivu kidogo ya paja. Wanamficha. Na yeye anajua anafichwa, na anajua kila snapu anayonyimwa ni timu nyingine 31 ambazo hazitamwona. Hapo, ndugu yangu, nakubali kabisa neno lako unyonyaji.

Ila hoja ya "afadhali mpira wetu" mimi naiacha ipite, wenye kesi za mishahara wanajijua.

#10 Mdau, Minneapolis

Nawasoma tangu mwanzo. Mimi niko huku baridi kali, timu yangu ni Vikings, kwa hiyo lazima nimtaje John Randle. Mwaka 1990 raundi zote za drafti zilipita bila jina lake, na wakati ule zilikuwa 12, siyo 7 kama leo. Kisa, mdogo wa mwili. Vikings wakamchukua bure. Alimaliza na saki 137.5 na 2010 akaingia Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji. Mleta uzi, kwa hoja yako ya kula dabo (kugongwa na wawili) na kupiga goti, Randle angetemwa, maana yeye alikuwa mtu wa kupenya na kuangusha. Saki ndizo zilizomweka mjini. Nadhani unawapa makocha sifa ya kuona mbali kuliko wanavyostahili. Walikosea kwa Randle, watakuwa wanakosea mpaka leo.

#11 Mleta uzi

Makocha wanakosea sana, hilo halina ubishi. Na aliye na kipaji cha Randle hahitaji uzi huu, atajionyesha. Hata Aaron Donald walisema ni mfupi, akaenda namba 13, akachukua tuzo ya mlinzi bora mara tatu. Sasa mimi na wewe tumetaja wawili ndani ya miaka zaidi ya thelathini.

Mimi nazungumzia wale wa kawaida wa daraja hilo. Damon Harrison, waliyemwita "Snacks", alisoma William Penn, chuo kidogo cha Iowa ambacho hata huko kwenu majirani si wengi wanaokijua. 2012 hakuchaguliwa, Jets wakamwita kempu. Saki zake mpaka leo ukizihesabu hazikushtui. Lakini ukimwekea wawili hahami, na mkimbiaji akipita karibu ananyoosha mkono mmoja anamvuta. 2016 akiwa Giants alichaguliwa kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima. Michael Pierce wa Ravens njia ileile, 2016, hakuchaguliwa, akabaki kwa kufunga njia.

Kocha mwenye kiti kimoja kilichobaki anajiuliza swali la mtu mwoga: huyu nikimwingiza Carter akiwa amechoka, tutafungwa? Anayelijibu hilo vizuri anabaki.

#12 Mdau, Bukavu

Jambo ba ndugu. Na sisi wa Congo tuko na wetu. Andy Mulumba, alizaliwa Kinshasa, akakomalia Montréal, Canada. Chuo ni Eastern Michigan. 2013 hawakumuita kwenye drafti ya NFL, lakini kule Canada drafti yao ilimuweka namba 2. Angeenda huko angekuwa mkubwa mara moja. Yeye akakataa, akaenda Green Bay kupigana kempu, akaingia 53. Alikuwa wa pembeni, lainibeka anayekimbilia kwotabeki, na kazi nyingi za mwanzo zilikuwa kwenye vikosi vya kupiga na kurudisha mipira. Mleta uzi hiyo sehemu haujaigusa.

#13 Mleta uzi

Asante sana ndugu wa Bukavu, umenifungulia nilipokuwa naelekea. Na uamuzi wa Mulumba wa kuiacha namba 2 ya uhakika akaenda kugombea nafasi isiyo na jina, mimi nauvulia kofia.

Vikosi maalumu. Kati ya 53, siku ya mechi wanaovaa ni 48 tu. Kwa hiyo hata aliyepona mchujo anaweza kukaa na suruali ya jinzi pembeni ya uwanja msimu mzima. Mlinzi wa tano wa katikati havai kama hana kazi ya pili, na kazi ya pili ya mtu wa kilo 140 ni moja: kuzuia mikwaju ya pointi tatu. Unasimama mbele ya ukuta, unasukuma kwa kila ulichonacho, unanyoosha mkono, na mara nyingi hupati chochote. Vijana wengi wanaichukua kama mapumziko. Angalia nani anasukuma kweli wakati timu inaongoza kwa pointi 20 kwenye mechi ya maandalizi, huyo anajua anatafuta nini.

Mkiona natia chumvi, rudini Septemba 21, 2025, Eagles na Rams pale Philadelphia. Eagles walikuwa nyuma 26–7 wakapindua wakaongoza 27–26. Robo ya mwisho Jalen Carter alishagusa mkwaju mmoja. Sekunde za mwisho kabisa Rams wanapiga mwingine wa kushinda mechi. Jordan Davis anapenya, anauzuia, mpira unamrudia mikononi, na lile jitu la futi 6 na inchi 6 linakimbia nao yadi 61 mpaka mwisho. 33–26. Huyu si kijana wa mkiani, ni namba 13, lakini ameenda kusukuma ukuta kwenye snapu ya mwisho kama mtu anayetafuta kazi. Na yule ndiye aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78 kwenye majaribio ya 2022 akiwa na kilo karibu 155, kwa hiyo waliokuwa wanamfukuza walijua shughuli wanayo.

Kijana wa kiti cha sita akilitazama lile anaelewa somo hata bila kocha kufungua mdomo.

#14 Mdau, Morogoro

Sasa nimeelewa mkuu, na Makelele wako nimemkubali. Mwezi wa nane nataka na mimi nianze. Nitazame nini, na saa ngapi kwa saa zetu? Maana mke wangu atauliza.

#15 Mleta uzi

Mechi za maandalizi nyingi za jioni za pwani ya mashariki ya Marekani kwetu zinaanza saa nane usiku, kwa hiyo mwambie shemeji mapema. Msimu ukianza, zile za mchana wa Jumapili ni saa mbili usiku, zinasogea saa tatu wakishabadili saa zao Novemba. Hizo hazina ugomvi.

Mechi za maandalizi usipoteze muda na robo ya kwanza, wanacheza wakubwa dakika chache wanatoka. Lala, amka robo ya tatu. Kuanzia hapo uwanjani wote ni watu wanaotafuta mkate. Chagua namba moja ya jezi, namba ya miaka ya tisini hivi, ambayo hujawahi kusikia jina lake, na usiutazame mpira kabisa. Mtazame yeye. Mpira ukianzishwa, nani kaanza kusogea kwanza, yeye au anayemzuia? Akigongwa na wawili, nyonga zake ziko chini au ameinuka? Mpira ukipita kwenda upande mwingine, anaugeukia na kuukimbilia au anasimama mikono kiunoni? Hilo la mwisho makocha wanalichukia kuliko kitu chochote. Na ukiona ghafla ametolewa wakati anafanya vizuri, usimsikitikie haraka, huenda wanamficha.

Halafu siku ya mchujo fungua orodha yenu hapa tulinganishe. Mimi wangu wa mwaka huu nitamtaja baada ya mechi ya kwanza, siyo kabla, maana humu kuna watu wa kuhifadhi picha za skrini.

#16 Mdau, Kampala

Mimi wangu nitamtaja leo. Yeyote atakayechukuliwa na Giants raundi ya sita au ya saba. Hifadhini.